Meno ya Mke Mwenza

Bunduki ilikuwapo. Kibali kilikuwapo, kimekunjwa mpaka mikunjo imeanza kutoboka. Macho yalikuwapo, ya uzee lakini ya kuona. Kilichokosekana ni risasi.

Gari la matangazo lilipita asubuhi mbele ya mashine ya kusaga, kipaza sauti kikikwaruza. Kila mwenye silaha aipeleke kituoni wiki ijayo ikahakikiwe. Aje na silaha, kibali na risasi zote alizoandikiwa. Ikipungua hata moja, atajieleza mbele ya hakimu, na silaha itabaki serikalini. Sheria mpya hiyo. Haina mjomba wala shangazi.

Mzee Mkanda alisikia yote, akaendelea kusaga. Jina hilo alipewa kwa sababu ya kipande cha mkanda wa mashine alichokiweka begani siku zote, kama mwingine anavyoweka taulo. Hakuwa mtu wa maneno. Mashine ilimfundisha hivyo: ukishindana nayo kwa kelele, inakushinda. Alimimina mahindi, akaushika unga unaotoka kwa vidole viwili, akapunguza mwendo kidogo. Unga ukawa laini. Moyoni akasema: bunduki ni ya baba yangu, haiondoki.

Alikuwa na hakika na mambo mengi, mzee huyu. Ni hili la risasi tu lililomkaa kooni. Zilikuwa sita, hilo alilijua. Zilipo, hakujua. Aliyejua walimzika msimu wa mvua uliopita.

Mkewe watu walimwita Mama Hapana. Mwenye duka akipandisha bei, hapana. Binti akitaka kulala kwa rafiki yake, hapana. Siku alipoingia nyumbani kwa mumewe, bibi harusi, hata viatu hajavua, aliiona bunduki inaning'inia juu ya mlango wa chumbani. Akasimama pale pale.

"Na huyu nani?"

"Ya marehemu baba hiyo. Ya nguruwe mwitu. Wanatumaliza shambani."

"Hukuniambia una mke mwingine."

"Mke gani? Chuma hicho."

"Mke mwenza wa chuma. Sawa. Nimemkuta, siwezi kumfukuza. Lakini meno yake yatakaa kwangu."

Mume alicheka. Mke hakucheka. Alinyoosha kiganja, akakiacha hewani mpaka risasi zikatua. Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na sheria yake. Mume anakaa na bunduki, mke anakaa na meno. Anayeyataka aombe, na kabla ya kupewa ajibu swali moja.

"Unampiga nani?"

Nguruwe. Nguruwe wa wapi? Na upande ule kuna nani? Akiridhika, Mama Hapana huchukua kikapu, akatoka. Kumfuata marufuku, kuuliza marufuku. Hurudi na risasi mbili, zimelala chini ya nusu kilo ya maini. Zilizotumika Mzee alinunua nyingine kwa kibali, akamkabidhi, sita zikatimia. Siku ya risasi ilikuwa siku ya maini. Mzee alidhani ni mapenzi tu, mke anamtia nguvu mume anayekwenda kuvizia shambani. Alikula, akanyamaza. Kinywa kilichojaa hakina maswali.

Na kuna siku alimnyima. Mota ya mashine ilitoweka, na Mzee, wakati huo kijana wa damu moto, alikuja nyumbani anatweta.

"Nipe."

"Unampiga nani?"

"Mwizi."

"Mwizi ana jina?"

"Fundi wa kuchomelea. Nani mwingine ana mabega ya kubeba mota?"

"Hapana."

Alipiga meza. Aliuliza nani mwanamume ndani ya nyumba ile. Mkewe alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua. Jioni mwenye mashine, mwajiri wa Mzee, akaja na mkokoteni, mota iko juu yake. Alikuwa ameipeleka kusukwa upya nyaya zake, akasahau kuwaambia. Mzee alisaidia kuishusha, akaifunga mahali pake, akarudi nyumbani. Mkewe hakusema "nilikuambia." Alimwekea maharage mengi tu. Fundi wa kuchomelea hakujua lolote mpaka leo.

Kwa hiyo watu walipoanza kubishana juu ya sheria mpya, Mzee hakuona jipya. Nyumbani kwake sheria hiyo ilikuwa imezeeka.

Ubishi ulifika kwenye mashine siku ya pili, na aliyeuleta ni shemeji yake, mdogo wake Mama Hapana, mwenye bucha. Alikuwa na ndoo ya mahindi mkononi na sauti ya kushinda mashine.

"Shemeji! Umesikia wanavyotuhesabia risasi kama njugu?"

"Nimesikia."

"Na unasaga tu! Haya niambieni, ndugu zangu, mwizi anakwenda kuhakikiwa? Mwizi ana kibali? Walioniingilia buchani walipanga foleni kituoni kwanza? Sheria inamfunga mikono nani? Mimi! Kila mwenye duka apewe bunduki yake, uone kama wezi hawatashika adabu."

Mama mmoja kwenye foleni akatua beseni lake. "Wewe? Mizani yako tu inatutisha. Ukipewa na bunduki, nani atauliza kilo yake?"

Foleni ikaangua kicheko. Mwenye bucha akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Chekeni. Siku wakiwaingilia ninyi mtalia."

"Kweli nalo hilo," akasema mzee mwenye baiskeli. "Polisi ukiwaita leo, wanakuja kuuliza kesho. Mtu ana haki ya kulinda wanawe."

"Na watoto wenyewe nani awalinde na hiyo bunduki?" Mama wa beseni sasa hakuwa anacheka. "Mtoto wa kaka yangu alipigwa na bunduki yenye kibali. Halali kabisa. Mjomba wake alikuwa anaisafisha. Mtoto amepita tu na kikombe cha maji."

Mashine ilinguruma peke yake.

"Shemeji, sema kitu," mwenye bucha akasihi. "Wewe ndiye unayo."

Mzee alikung'uta unga mikononi. "Kisu walichokuwekea shingoni siku ile kilikuwa cha nani?"

"Kilikuwa... changu. Kilikuwa juu ya meza."

"Basi."

"Basi nini? Jamani, basi nini? Mtu anakutupia neno kama mfupa, kisha anakugeuzia mgongo!"

Mzee alikuwa tayari amechukua ndoo yake na kuimimina.

Nyumbani, maneno machache hayakumsaidia. Binti yake, muuguzi, alihamia kwake na watoto wawili baada ya msiba, ili baba asikae na kuta. Mdogo wa wale watoto alikuwa katika umri wa kufungua. Kabati, mkoba, kopo, chochote chenye kifuniko. Siku hiyo muuguzi alimkuta mvunguni mwa kitanda cha babu, anavuta sanduku.

"Baba, risasi ziko wapi?"

"Alikuwa nazo mama yako."

"Najua alikuwa nazo mama. Ziko wapi?"

"Sijui."

Muuguzi alikaa kitandani taratibu, kama mtu aliyesikia majibu ya vipimo. "Yaani ziko humu ndani, na mtoto huyu yumo humu ndani, na wewe hujui."

Wakatafuta. Godoro wakalisimamisha. Wakaingiza mkono kwenye pipa la mahindi mpaka kwapani. Droo ya cherehani wakaimwaga: vifungo, sindano, miwani ya Mzee iliyopotea zamani akalaumiwa mbwa wa jirani. Nyuma ya droo kulikuwa na chanuo, na katika meno yake nywele chache, nyeusi na nyeupe. Mzee alilishika, akalitia mfukoni. Binti yake akajifanya anachunguza dari.

Risasi hazikuonekana.

"Baba, nikuambie kitu. Hizo risasi mimi ndiye ninayezitoa watu miilini, moja moja, nazidondosha kwenye bakuli. Zina mlio wake. Ukishapeleka hiyo bunduki kituoni, iache huko huko."

"Ni ya baba yangu."

"Na mimi ni wa nani?"

Alisimamisha kiti kilichoanguka, akafuta vumbi kwenye mtutu, akatoka nje. Bado alikuwa na hakika kwamba bunduki haiondoki. Lakini hakika hiyo sasa ilikuwa inachechemea. Risasi zisipopatikana itaondoka, apende asipende. Na zikipatikana na mjukuu kwanza? Hilo hakulimalizia, hata kichwani.

Uhakiki ulipobakiza siku moja, muuguzi alimwita akiwa mlangoni na sare yake ya kazi.

"Baba, ukitoka mashineni pitia kwa mjomba. Watoto hawajaonja nyama wiki nzima."

Akapitia. Mwenye bucha alikuwa anafuta gogo la kukatia, anapiga mluzi.

"Shemeji mkimya! Leo umekuja kunitupia mfupa gani?"

"Nusu kilo ya maini."

Mluzi ukakatika. Mwenye bucha akabaki na kitambaa mkononi.

"Maini. Tangu dada aondoke hakuna mtu wa nyumba yenu aliyeniomba maini. Yeye hakujua nyama nyingine. Anaingia, salamu hata hajamaliza, 'nikatie maini na unishushie kopo langu.'"

Mzee aliinua kichwa. "Kopo gani?"

"Si lile pale? Sijaligusa. Nani ana moyo wa kuligusa?"

Juu ya rafu, nyuma ya mifuko ya chumvi, lilikaa kopo la maziwa ya unga, limeshonewa kitambaa pande zote kama mto wa mtoto.

"Humo mna nini?"

"Mambo ya kike. Alinipa zamani, wakati nafungua bucha. Akaniambia nikichungulia nitapofuka. Alikuwa akilifungua huko nyuma ya pazia, akimaliza analishona tena."

"Ukaamini?"

"Shemeji, ulimjua dada yangu. Wewe ungechungulia?"

Mzee alifikiri kidogo. "Hapana."

Kopo likashushwa. Mzee akalitikisa karibu na sikio, mara moja tu, na uso wake ukabadilika. Akaomba kisu, akafumua uzi. Ndani mlikuwa na vipande vya shati. Lake. Lile la mistari, aliloambiwa limeliwa na panya. Kila kipande kimefunga risasi moja, kama mtu anavyofunga mayai ya safari. Sita. Kitambaa kilinukia mafuta ya nywele.

Mzee aligeukia mizani. Haikuwa na kitu juu yake, lakini aliitazama muda mrefu.

Mwenye bucha alikuwa ameshika kichwa. "Subiri. Siku ile wameniwekea kisu hapa, juu ya kichwa changu kulikuwa na risasi sita?"

"Sita."

"Dada! Dada amenifanya ghala la silaha! Mimi huyu, mwenye mdomo huu, sokoni kote wananijua!" Akakaa juu ya gogo lake. Kisha sauti ikashuka. "Aliniamini mimi?"

"Mimi nilikuwa na bunduki bila risasi. Wewe ulikuwa na risasi bila bunduki."

"Alitugawa."

"Alitugawa."

Mwenye bucha akajifuta macho kwa kiwiko, maana mikono ilikuwa na damu ya nyama. Akayapima maini, akaongeza kipande bila kutazama mizani. "Lakini bado nasema, shemeji, mwenye duka apewe."

"Sema tu."

"Na kesho kituoni usinitaje, tafadhali. Sema zilikuwa kwako, ndani ya kabati. Nani atajua?"

Kituoni walikuwa wamepanga benchi ukutani. Afande wa zamu, mwanamke mwenye miwani myembamba, alipokea bunduki kwa mikono miwili, akaifungua, akachungulia mtutu, akalinganisha namba na kibali. Mkanda wa bunduki ulimshangaza. Ulikuwa kipande cha mkanda wa mashine ya kusaga. Akahesabu risasi, akahesabu tena.

"Zimetimia. Hongera, mzee. Wenzako wengi wamekuja na hadithi. Zilihifadhiwa wapi?"

Kabati lilikuwa jibu fupi, na Mzee alipenda majibu mafupi. Lakini alimwona Mama Hapana amekaa kwenye lile benchi la ukutani, kikapu magotini, anasubiri asikie.

"Kwa shemeji yangu. Buchani. Aliziweka marehemu mke wangu. Shemeji hakujua."

Kalamu ikasimama. "Mzee, unajua ulichosema? Risasi kukaa kwa mtu asiye na kibali ni kosa."

"Ndiyo."

"Sasa kwa nini umeniambia?"

"Umeuliza."

Afande akavua miwani, akaifuta, akaivaa. Akauliza habari yote, naye akaelezwa kwa maneno yasiyojaza kiganja: mke mwenza, meno, swali, maini. Mara moja mdomo wa afande ulitaka kucheka, akauzuia.

"Sikiliza, mzee. Aliyeziweka hayupo, siwezi kumshitaki. Shemeji nitamwita, nimpe onyo kali." Akagonga meza kwa kidole. "Lakini bunduki sikupi leo. Nenda katengeneze masanduku mawili ya chuma, moja la bunduki, moja la risasi, yafungwe ukutani. Nitakuja mwenyewe kuyaona. Nisiporidhika, hairudi. Umenielewa?"

"Haki kabisa."

Mzee alifungua ule mkanda kwenye bunduki, akauweka begani juu ya mwenzake, akaenda zake. Alirudi nyumbani mikono mitupu, na bado alitembea kama mtu aliyeshinda kesi.

Masanduku yalitengenezwa na fundi wa kuchomelea, yule yule, sasa mzee mwenye mvi na mabega bado mapana.

"Hili dogo nitilie matundu mawili ya kufuli," Mzee akamwambia.

"Mawili? Kwani unaweka dhahabu?"

"Meno."

Fundi alidhani ni ya bandia, akacheka mpaka cheche zikamkosakosa jicho. Mzee alimlipa vizuri, akamshika mkono muda mrefu kuliko kawaida. Fundi akajiuliza leo mzee ana nini.

Jioni alimwekea binti yake ufunguo mmoja juu ya meza.

"Wa nini?"

"Kufuli moja ni yangu. Nyingine yako. Sanduku la risasi halifunguki mpaka tuwe wawili."

Muuguzi aliusukuma ufunguo kwa ncha ya kidole. "Baba, mimi nimesema toka mwanzo, nataka bunduki iondoke. Halafu unanipa mimi ufunguo?"

"Mama yako naye alitaka iondoke."

"Basi?"

"Ndiyo maana nilimwamini. Anayeipenda hawezi kuishikia ufunguo."

Maneno hayo kwa Mzee Mkanda yalikuwa hotuba. Muuguzi aliketi, mtoto wake mdogo anampanda gotini, anauwania ufunguo ule unaong'aa. Akaukamata kabla mkono ule mdogo haujafika. Akaufunga kwenye uzi, akauvaa shingoni, ndani ya nguo.

"Lakini ujue sitakuonea haya."

"Ndicho ninachotaka."

Afande alikuja kama alivyoahidi. Akayavuta masanduku kwa nguvu zake zote, ukuta ukatoa vumbi tu.

"Vizuri. Lifungue hili dogo nione."

"Siwezi."

"Huwezi kivipi? Ni lako."

"Nusu ya kufungua iko hospitali. Inatoka kazini jioni."

Afande akazitazama zile kufuli mbili. Safari hii alicheka wazi. "Sheria imetaka kufuli moja, mzee. Haikukataza ya pili." Na bunduki ikarudi nyumbani kwenye mkanda wake, na risasi zake nazo.

Mahindi yalipokomaa, nguruwe wakaja. Alasiri moja Mzee aliwaona mwenyewe, kwenye kona ya shamba inayotazama mtoni, wanavunja mabua kwa dharau. Alirudi haraka. Muuguzi alikuwa uani, anaanika sare.

"Mwanangu, ufunguo."

Hakugeuka. Alibana sare kwa kibanio, akaivuta mkono ikanyooka.

"Unampiga nani?"

Mzee akasimama. Hakuwahi kumfundisha. Ukuta wa chumba cha watoto, kumbe, ulikuwa mwembamba miaka yote ile.

"Nguruwe."

"Wa wapi?"

"Kona ya mtoni."

"Na upande ule kuna nani?"

Akafikiri. "Wanaookota kuni, labda."

"Si labda. Nimepishana nao nikitoka kazini, wanakwenda huko na watoto wao. Hapana, baba."

Zamani angepiga meza. Sasa alimtazama mgongoni, namna alivyoinamia beseni na kukamua nguo nyingine bila kumjali. Akachukua debe tupu na gongo, akashika njia. Kwa mwenye bucha ilibidi apite.

"Shemeji!" yule akaita toka dirishani. "Bunduki imepitishwa na serikali nzima, na wewe unakwenda kupiga debe?"

"Mwenye ufunguo amekataa."

"Amekataaje?"

"Kama mama yake."

Mwenye bucha alikuwa na jibu tayari, maana hakukosa jibu hata siku moja. Lakini alimwona Mzee anatabasamu, jambo ambalo tangu msiba hakuna aliyeliona. Akalimeza jibu lake.

Debe lililia mpaka mtoni. Nguruwe walitimua mbio, mikia juu, na waokota kuni wakasimama kuwacheka. Mzee aliporudi ameloa jasho, alikuta chakula mezani. Mwenye bucha alikuwa ametuma nusu kilo ya maini, bila kuombwa.